Jibu kwa Wapendao Ufunguo Wao Wenyewe

Imekuwa ada miongoni mwa watu wa biashara wa pwani yetu, tangu Mombasa na Tanga mpaka Dar es Salaam na Unguja, kumpima mwagizaji wa bidhaa kwa jambo moja ambalo, likitazamwa kwa insafu, halisemi lolote juu ya akili yake wala juu ya wingi wa faida yake, nalo ni kama ana bondi yake mwenyewe au bado anaweka mzigo wake katika ghala la watu. Aliye na ghala lake la dhamana, lenye leseni ya Kamishna wa Forodha na kufuli mlangoni, huhesabiwa kuwa amekwisha fika; na asiyekuwa nalo, hata kama ameingiza shehena miaka na miaka bila deni wala kesi, hutazamwa kama mpangaji wa chumba kimoja ambaye siku moja, Mungu akipenda, naye atajenga. Wazee wa biashara huwausia wana wao hivyo, mawakala wa forodha huwashauri wateja wao hivyo, na vijana walioingiza makontena mawili matatu huanza kutafuta kiwanja cha ghala kabla hawajatafuta mnunuzi wa kontena la nne.

Makala haya yamekusudiwa kuipinga rai hiyo. Sisemi kwamba ghala la binafsi ni ovu, wala kwamba kila mwenye nalo amepotoka, maana wako wanaolihitaji nami nitawataja mahali pao. Ninalosema ni kwamba ghala la dhamana, kabla halijawa kuta na paa, ni ahadi ya dhima baina ya mtu na Serikali, na kwamba kwa aghalabu ya waagizaji wetu busara ni kuinunua huduma ya dhima hiyo kwa kadiri waihitajivyo, kwa mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, kuliko kuibeba nzima mwaka mzima kwa ajili ya bidhaa zinazojaza robo tu ya nafasi.

Kwanza na tulielewe jambo lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania, Kenya na kwa wenzao wa Jumuiya, inamruhusu Kamishna kutoa leseni kwa mahali pa kuwekea bidhaa ambazo ushuru wake haujalipwa. Na mahali hapo ni pa namna mbili. Liko ghala la umma, ambalo licha ya jina hilo si lazima liwe mali ya Serikali, bali mara nyingi ni la kampuni iliyopewa leseni ya kupokea bidhaa za kila mwagizaji kwa malipo. Na liko ghala la binafsi, ambalo mwenye leseni huweka humo bidhaa zake mwenyewe tu. Yote mawili yasichanganywe na ghala la forodha lenyewe, ambamo hupelekwa mizigo isiyotolewa kadhia, yaani tamko la forodha, kwa wakati, iliyotelekezwa au iliyokamatwa, maana huko mtu haendi kwa hiari yake.

Sasa, faida zile ambazo sheria imeziweka katika kuhifadhi bidhaa chini ya dhamana, ni ipi kati yake iliyofungiwa mwenye ghala la binafsi peke yake? Hakuna hata moja. Muda ni ule ule: miezi 6 tangu siku bidhaa zilipoingizwa ghalani, na kwa idhini ya maandishi ya Kamishna miezi 3 zaidi, isipokuwa kwa bidhaa chache zilizofanyiwa masharti yao. Mwisho wa wasioondoa bidhaa zao ni ule ule, nao ni tangazo na mnada wa hadhara. Ruhusa ya kupanga, kuchambua, kufungua na kufunga upya, na kuchukua sampuli, ikiombwa kwa utaratibu wake, hutolewa kote kuwili. Na ushuru hulipwa kwa kiwango kile kile, yaani kiwango kilichopo siku bidhaa zinapotolewa kadhia ya matumizi ya ndani. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba aliyeingiza shehena yake katika bondi yake mwezi Mei amejikinga na bajeti ya Juni wanajidanganya, kwani kiwango kipya kikianza tarehe 1 Julai, kitaikuta shehena iliyo katika ghala la tajiri kama kinavyoikuta iliyo katika ghala la wote, kikipanda kitampandia na kikishuka kitamshukia. Maadam fadhila za sheria ni sawa, wanaolitukuza ghala la binafsi hawana budi watafute hoja zao penginepo. Nazo wanazo, za heshima, za gharama, za usalama na siri, na za uhuru. Nitazichukua moja baada ya moja.

Hoja ya heshima, ambayo wengi huificha nyuma ya hoja nyingine, ni kwamba leseni ya ghala la binafsi ni ushahidi wa kuaminiwa na Serikali, na kwamba benki na wateja humtazama mwenye nayo kwa jicho jingine. Lakini Serikali haimwamini mtu kwa kumpa leseni, inamfunga. Kabla ya bidhaa ya kwanza kuingia humdai dhamana ya kiasi kinachoweza kufidia ushuru utakaokuwa hatarini, na dhamana hiyo hutolewa na benki au kampuni ya bima, ambayo nayo hutoza ada yake kila mwaka na pengine hudai rehani ya nyumba au fedha zilizofungwa. Leseni yenyewe hufa kila tarehe 31 Desemba, ikahitaji kuhuishwa upya. Na wakati wote wa uhai wake kila kifurushi kilichoandikwa kuwa kimeingia lazima kiweze kuonyeshwa afisa atakapokitaka, na kisipoonekana, mwenye ghala hulipa ushuru wake, na juu ya ushuru hukabili shitaka. Mwenye bidhaa katika ghala la umma ana dhima moja, ya mwenye mali. Mwenye bidhaa katika ghala lake mwenyewe ana dhima mbili, ya mwenye mali na ya mtunzaji, na hakuna mtu wa tatu wa kumwuliza.

Wanaoona kuwa tofauti hii ni ya makaratasi tu na watazame kwa karibu jinsi kontena linavyopokewa. Tuseme ni kontena la vitenge, na hati zinasema majora 420. Katika ghala la umma, karani wa ghala husoma namba ya lakiri na kuilinganisha na ya kwenye hati, mlango hufunguliwa mbele ya afisa na mbele ya wakala wa mwenye mali, na majora huhesabiwa yakishushwa, kumi kumi, chaki ikipigwa ukutani. Mwisho wa hesabu ni 418. Karani yule, ambaye akitia saini kwa 420 ni bwana wake atakayekuja kudaiwa ushuru wa majora mawili, hatatia saini kabisa. Ataandika 418, atamwita afisa ashuhudie kabla bidhaa hazijapangwa, na upungufu utabaki pale ulipozaliwa, baina ya muuzaji wa ng'ambo, chombo kilichobeba na mwagizaji. Katika ghala la binafsi anayehesabu ni kijana wa tajiri, na tajiri ana haraka, kwa kuwa kontena tupu linatakiwa lirudishwe kabla meli haijaanza kutoza siku za kuchelewa, na dereva wa lori anapiga kelele uwanjani. Hesabu hufanywa kwa macho, saini hutiwa kwa 420, na miezi mitano baadaye, afisa wa ukaguzi anapokuja na orodha yake, majora mawili ambayo hayakupata kuvuka bahari yanakuwa deni la kodi na fumbo la kulieleza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa msiba ni mkubwa zaidi, kwa sababu mali haikuwapo tangu awali, na daftari, lililotiwa saini na mwenyewe, ndilo linaloshuhudia kwamba ilikuwapo.

Nitaambiwa kwamba dawa ya hayo ni kuajiri karani mwema. Ni kweli, na karani mwema, pamoja na walinzi wa usiku na mchana, bima ya moto na wizi, ada ya dhamana, mfumo wa hesabu unaokubaliwa na Mamlaka ya Mapato na jengo lenyewe, ndio wanaotupeleka kwenye hoja ya pili, ile ya gharama. Husemwa kwamba kodi ya ghala la umma ni fedha inayotupwa, na kwamba mtu akiwa na lake anaokoa kila shilingi. Rai hii inaonekana dhahiri mpaka pale mtu anapochukua kalamu.

Na tuichukue. Chukulia kontena la bidhaa lenye thamani ya shilingi milioni 100 kufika bandarini Dar es Salaam, gharama za meli na bima zikiwa ndani yake. Kwa bidhaa ya kiwango cha asilimia 25, ushuru ni milioni 25; kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ikitozwa juu ya milioni 125, ni milioni 22 na nusu; jumla ni milioni 47 na nusu, tukiziacha tozo ndogo ndogo. Hiyo ndiyo fedha ambayo ghala la dhamana, liwe la nani, linamwezesha mwagizaji asiilipe leo. Tuseme benki humkopesha kwa asilimia 16 kwa mwaka, na kwamba anatoa mzigo wake kwa mafungu sita yaliyo sawa, moja kila mwisho wa mwezi: basi kwa wastani kila shilingi ya ushuru imecheleweshwa miezi mitatu na nusu, na riba aliyoiepuka ni kama milioni 2 na laki 2 kwa kontena. Hilo ndilo pato lote la kuahirisha ushuru. Asitarajie mtu kupata humo zaidi ya hapo.

Sasa mweke mwagizaji huyo katika ghala la umma linalotoza, kwa mfano, laki 3 kwa mwezi kwa nafasi ya kontena zima. Naye atalipa, kwa wastani ule ule wa miezi mitatu na nusu, milioni moja na elfu 50, na kubakiwa na faida ya zaidi ya milioni moja. Mweke tena katika ghala lake mwenyewe, ambalo kwa walinzi, karani, dhamana, bima, leseni na pango linamla, tuseme, milioni 5 kwa mwezi, yaani milioni 60 kwa mwaka. Akiingiza makontena 10 kwa mwaka, ghala la umma litamgharimu milioni 10 na nusu, na lake litamgharimu milioni 60. Riba aliyoiepuka ni milioni 22, kwa hiyo kwa njia ya kwanza amebaki na milioni 11 na nusu, na kwa njia ya pili amepoteza milioni 38 ili apate kuitwa mwenye bondi. Ili ghala lake lianze kuwa rahisi kuliko la umma itambidi aingize makontena 58 ya thamani hiyo kila mwaka, bila mwaka mmoja kuteleza. Msomaji ana khiyari ya kuziondoa tarakimu zangu za kodi na za matumizi na kuweka zake. Atakuta kwamba kinachobadilika ni idadi ya makontena, ilhali kanuni haibadiliki: kodi ya ghala la umma hufuata mzigo, na gharama ya ghala la binafsi hufuata kalenda.

Wengine hujibu kwamba jengo wanalo tayari, walirithi kwa baba, kwa hiyo pango si gharama kwao. Hao husahau mambo mawili. La kwanza, jengo ambalo lingeweza kupangishwa kwa mwingine lina bei yake kila mwezi, ilipwe isilipwe. La pili, bidhaa zilizolipiwa ushuru hazichanganywi ovyo na zisizolipiwa. Mtu aliyeligeuza stoo lake kuwa bondi atajikuta, siku ya kutoa kadhia ya fungu la kwanza, anatafuta stoo nyingine ya kuwekea kile alichokwisha kukilipia.

Nakuja kwenye hoja ya tatu, ya usalama na siri, ambayo naikiri kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wapinzani wangu watanikumbusha Novemba 2015, pale ilipotangazwa kwamba makontena 349 yaliyopita bandari ya Dar es Salaam yalitolewa bila kodi yake kulipwa, kodi iliyokadiriwa kuwa shilingi bilioni 80, wakuu wa mapato wakasimamishwa kazi, na wafanyabiashara wakapewa na Rais Magufuli siku 7 za kulipa. Makontena yale, watasema, yalitoka katika bandari kavu ya kupokea mizigo ya watu wote. Nani basi atauamini ulinzi wa watu wengine? Lakini walitazame tena tukio lile. Kilichoibwa hakikuwa bidhaa za wateja, bali ushuru wa Serikali. Na Serikali ilipoamka, ilimwuliza kila mmoja aonyeshe hati yake. Aliyekuwa na hati ya malipo na ya kutoa mzigo, iliyoandikwa na mtunzaji asiye yeye, alikuwa na ushahidi wa mtu wa tatu. Mweke mtu huyo huyo katika bondi yake mwenyewe siku kama ile, siku ambayo kila afisa anataka kuonekana mkali, na ushahidi wake wote utakuwa ni maandishi ya mkono wake, juu ya bidhaa zake, katika nyumba yake. Katika dhoruba ya namna hiyo ufunguo alionao mtu mfukoni ndio unaomshitaki wa kwanza.

Juu ya siri, watanipeleka mbali zaidi, mpaka Unguja ya Seyyid Said, nami nitakwenda nao bila ya kulazimishwa. Forodha ya Unguja ilikuwa ikikodishwa, na kwa miaka mingi ya karne ya kumi na tisa mkodishaji wake alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, ambayo ilikuwa ikikusanya ushuru na wakati huo huo ikinunua na kuuza. Mkataba wa mwaka 1833 na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 na kuahidi biashara huru. Lakini balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, aliyefika mwaka 1837, akafungamana na Jairam katika biashara, na wafanyabiashara wengine, wakiwamo Wamarekani wenziwe, wakalalamika kwamba njia zao zimezibwa. Hapana shaka kwamba mtu aliyekuwa akipitisha pembe na merikani zake mbele ya macho ya mshindani wake hakuwa na siri. Walakini ubaya ule haukutokana na mizigo ya watu wengi kukaa chini ya paa moja. Ulitokana na mtoza ushuru kuwa mchuuzi. Leo mtoza ushuru ni Mamlaka ya Mapato, isiyouza vitenge wala saruji, na mwenye ghala la umma ni mtu mwingine kabisa, ambaye riziki yake yote imo katika kuaminiwa na wateja wengi. Ikiwa mwenye ghala fulani naye ni mwagizaji wa bidhaa za aina ile ile, hilo ni jambo la kuulizwa kabla ya kuandikiana naye, na mwagizaji ana haki ya kwenda kwa mwingine. Si sababu ya kujenga.

Hoja ya nne ni ya uhuru: kwamba mwenye ghala lake hutoa mzigo wake atakapo, hapangiwi foleni wala hangoji karani wa watu arudi kutoka chakula. Ama kuhusu foleni, yako maghala ya umma yenye uzembe wa kuudhi, na sitayatetea. Lakini uhuru wa kutoa mzigo chini ya dhamana hauko kwa mwenye ghala hata kidogo. Uko kwa Forodha, kwa kuwa hakuna jora litokalo mpaka kadhia imekubaliwa, ushuru umelipwa na afisa ameridhia. Ghala la umma lenye mizigo ya watu wengi aghalabu lina afisa aliyezoea kuwapo, na mwenye ghala dogo la binafsi, lililo pembeni ya mji, huenda akamngoja afisa nusu ya siku ili afungue mlango ambao ufunguo wake wa pili ameushika afisa huyo. Uhuru ulioahidiwa, ukiuchunguza, ni uhuru wa kumngoja mtu yule yule mahali pa upweke zaidi.

Uko uhuru mwingine ambao wasifuji wa ghala la binafsi hawautaji, nao ni uhuru wa kuuza mali ikiwa ingali ghalani. Sheria inaruhusu, kwa ombi lililotiwa saini na pande zote mbili, jina la mwenye bidhaa libadilishwe katika hesabu za ghala. Kwa hiyo mwagizaji aliyepata mnunuzi wa Lubumbashi au wa Bukavu anaweza kumwuzia shehena nzima bila ya kulipa ushuru wa nchi ambayo bidhaa hazitatumika, na mnunuzi akazipeleka kwao kama mali ipitayo njia. Katika ghala la umma jambo hilo ni la daftari tu: bidhaa hazisogei, jina linabadilika, kodi ya nafasi inaanza kumwendea mwenye mali mpya. Katika ghala la binafsi, ambalo limepewa leseni kwa bidhaa za mwenye ghala, kuuza tu kunaifanya mali kuwa ya mgeni ndani ya nyumba isiyopokea wageni, na kabla ya yote sharti itafutiwe mahali pengine.

Wala si ajabu kwamba itibari ya benki huelekea huko huko. Mkopeshaji anayetaka kuishika shehena kama rehani hupendelea ishikwe na mtu asiye mdaiwa wake, kwa sababu stakabadhi aliyojiandikia mtu mwenyewe ni neno lake tu, na stakabadhi iliyoandikwa na mtunzaji huru ni mali. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, kwa manung'uniko yao yote juu ya mfumo wa stakabadhi ghalani uliotokana na sheria ya mwaka 2005, wanaijua kanuni hiyo: karatasi ya ghala ina thamani kwa kuwa anayeitoa si anayeuza. Na London yenyewe, ambayo wapenda ukubwa hupenda kuitaja, haikukua kwa kila tajiri kujifungia bondi yake. Waziri Mkuu Walpole wa Uingereza alipotaka mwaka 1733 kuipeleka tumbaku na mvinyo katika maghala ya dhamana, makelele ya wafanyabiashara yalimshinda. Lakini baada ya gati za West India kufunguliwa mwaka 1802, na sheria ya maghala kupitishwa mwaka 1803, sukari na ramu za mamia ya matajiri zilikaa pamoja nyuma ya kuta za kampuni za gati, na hati za ghala zikapita mkono kwa mkono, zikiuzwa na kuwekwa rehani mjini, mapipa yenyewe yakiwa hayajatikiswa.

Baada ya kuyasema haya insafu inanitaka niwataje ambao ghala la binafsi ni haki yao. Ni mwagizaji ambaye shehena zake hufuatana mwaka mzima bila pengo, kama wauzaji wakubwa wa magari mapya au wa vinywaji vikali, ambao ushuru na kodi juu ya bidhaa zao ni nzito mno hata kila siku ya kuahirisha ni fedha nyingi. Ni mwenye bidhaa ambazo ghala la wote haliwezi kuzitunza, kwa kuwa zahitaji baridi, matangi au kinga dhidi ya moto ambayo majirani hawatailipia. Na sharti la tatu, ambalo ndilo linaloangusha wengi waliotimiza mawili ya kwanza, ni kwamba awe amekwisha kuonyesha kwamba nyumba yake ina daftari, yaani kwamba anaweza leo, bila kuarifiwa, kuhesabu kila kifurushi kilichomo na kukioanisha na kadhia yake. Mtu aliyetimiza matatu hayo hafuati fahari, anafuata hesabu. Wengine wote wanaomfuata wanasahau onyo la mabaharia wetu, usisafirie nyota ya mwenzio, kwa kuwa nyota hiyo inampeleka mwenzao kwenye bandari ambayo wao hawana mzigo wa kuijaza.

Kwa hao walio wengi nasaha yangu ni nyepesi kuisema na ngumu kuitenda, kwa vile haina fahari. Badala ya kukitafuta kiwanja, mtu na alitafute ghala la umma kwa ukali ule ule ambao angemtafutia mkwe: aulize leseni ya mwaka huu iko wapi, dhamana yake ni ya kiasi gani, bima inafidia thamani ya bidhaa au jengo tu, na kodi huhesabiwa kwa nafasi iliyobaki au kwa kontena zima mpaka kifurushi cha mwisho kitoke, maana katika jambo hilo moja faida yote ya hesabu niliyoionyesha inaweza kumezwa. Apeleke mtu wake siku ya kuhesabu, asimwachie wakala. Na aandike katika kalenda yake mwezi wa tano, si wa sita, kuwa ndio mwisho wa bidhaa zake. Akifanya hivyo atapata kila kitu ambacho sheria ilikusudia kumpa mwagizaji, kwa bei ya nafasi aliyoikalia.

Na kwa wanaoendelea kuwapima watu kwa funguo zao, nawaomba wabadilishe mizani. Wasiulize fulani ana bondi au hana. Waulize ni mara ngapi bidhaa zake zimefikwa na mnada, ni mara ngapi ukaguzi umekuta upungufu, na katika mwaka uliopita ghala lake lilikuwa tupu miezi mingapi. Atakayeweza kuyajibu hayo kwa daftari la miaka mitatu lisilo na doa, na kwa ghala lisilokaa tupu, na aende akaombe leseni, nami nitakuwa wa kwanza kumpongeza. Asiyeweza, na alipe kodi ya nafasi aliyoitumia, achukue stakabadhi yake, aende zake sokoni akauze. Huko ndiko utajiri unakopatikana, na huko hakuna mnunuzi atakayemwuliza bidhaa hizi zililala katika ghala la nani.